Habari za Hamamu ya Chuma Aliyoijenga Sadallah bin Pazi

Sogeeni, enyi mliokaa vibarazani na enyi mlioshika vikombe vya kahawa, na wewe uliyesimama mlangoni ukisema huna nafasi, ingia tu, nafasi utaipata. Funikeni vyungu, nyamazisheni simu, mwacheni kuku apite, kwa maana inakuja habari ya vita ambavyo havikupiganwa kwa mizinga wala kwa mishale, bali kwa karai, kwa sabuni na kwa mawe matatu. Na aliyevishinda yu hai, anakohoa, na kila Ijumaa utamwona amevaa kanzu iliyopigwa pasi na mtu mwingine. Ee Mola uliyemfundisha mwanadamu asiyoyajua, tupe ulimi wa kumsifu mja wako huyu kwa kadiri anavyostahili, nasi tutajitahidi tusizidishe.

Jina lake Sadallah bin Pazi wa Dunda, katika mji wa Bagamoyo, aliyelinda lango la mashamba ya chumvi ya Nunge miaka thelathini, wala haikuibwa hata chembe, labda kwa kuwa hakuna aibaye chumvi kwa chembe. Alipostaafu akajitangaza fundi. Simba wa Bisibisi, Mfungua Visivyofungika, Mzidisha Parafujo! Hakuna kitu alichokifungua duniani kikafungwa tena bila kubakisha parafujo mbili tatu, naye huzihifadhi katika kopo la maziwa, na kopo limejaa. Ushindi wake unajulikana mbali. Lugoba iko feni aliyoitengeneza, nayo tangu siku ile inavuta hewa badala ya kuipuliza. Msata iko redio aliyoigusa kwa mkono wake, na mpaka leo inapata idhaa moja tu, ya nchi ambayo hakuna aijuaye, na watu wake wanazungumza kwa hasira.

Na mke wa shujaa ni Mwanamvua binti Bwanausi, mama wa Adila, mshonaji. Huyu hakuwa na sifa nyingi: akianza jambo hulimaliza, basi. Mali yake kubwa ni cherehani nyeusi ya kukanyaga, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika ubavuni, aliyoirithi kwa mamake, na sauti yake mtaa mzima waliijua kama wanavyojua adhana.

Sasa sikilizeni lilipoanzia balaa. Ilikuwa kipupwe, siku ya Jumatatu, na Maulidi ya madrasa ni usiku wa Alhamisi. Kanzu tisa za watoto zimekatwa, zimelala kitandani moja juu ya nyingine, hazina mshono hata mmoja, na mama tisa wameahidiwa. Na cherehani imegoma. Mgomo wake ulikuwa wa ajabu: asubuhi gurudumu limeganda, hulisogezi hata kwa mikono miwili, adhuhuri, jua likiingia dirishani, linalegea kidogo, linashona upindo mmoja kwa manung'uniko, alasiri upepo wa kusi ukivuma, kimya tena. Mwanamvua alilishika asubuhi, akalishika mchana, akasema, "Hm."

Duniani palikuwa na mtu mmoja aliyejua sababu, naye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akijifanya anasoma gazeti la wiki iliyopita.

Kwa maana mwezi wa Ramadhani, joto la kaskazi likiwa limeufunika mji kama kifuniko cha chungu, Mwanamvua alimtuma na chupa tupu akanunue mafuta ya cherehani kwa Fidahussein muuza nyuzi na vifungo, hatua mia na kidogo. Shujaa akatoka. Lakini njiani pana baraza, na barazani pana bao, na kwenye bao alikuwapo mtu anacheza vibaya mno, jambo ambalo mwenye imani hawezi kulipita bila kulisahihisha. Aliponyanyua kichwa, duka limefungwa. Akarudi nyumbani, akaingia jikoni kwa nyayo za paka, akaona chupa ya mafuta ya nazi, safi, mepesi, yanang'aa kama maji ya kisima, akajiuliza lile swali ambalo majemadari wote wakubwa hujiuliza kabla ya maangamizi: kwani kuna tofauti gani?

Akaijaza ile chupa tupu. Na kwa joto lile, wallahi, tofauti haikuwapo. Cherehani ilikwenda kama imepewa mbawa. Siku ya pili Mwanamvua akanusa vidole vyake, akasema, "Baba Adila, mafuta haya ya Fidahussein yananuka nazi."

"Siku hizi viwandani wanatia manukato," akajibu yule bahari ya elimu, wala hakupepesa jicho.

Miezi mitatu chupa ile ikamiminwa, tone kwa tone, katika kila tundu la cherehani, mpaka ikaisha. Kisha kikaja kipupwe. Na mnajua, enyi watu wa pwani, mafuta ya nazi hufanya nini kipupwe kikija.

Lau shujaa angesema siku ile ile, habari hii ingekuwa fupi, nanyi mngekuwa mmeshalala. Lakini mashujaa hawasemi. Alipanda ngazi mbili za duka la Fidahussein, mbele ya watu saba waliokuwa wakinywa kahawa, akanyanyua sauti ile aliyokuwa akiwafukuzia mbuzi Nunge, akasema, "Enyi waungwana! Mafuta yanayouzwa hapa yameua cherehani ya mke wangu! Ni mafuta mabovu, yanaganda!"

Fidahussein, mzee mwenye kofia nyeupe ya nakshi ya dhahabu na utepe wa kupimia shingoni, aliyecheza gololi na Sadallah tangu wote wawili hawana meno ya mbele, aliweka chini mkasi wake. Hakugomba. Alisema, "Bwana Sadallah, marehemu baba aliuza mafuta haya juu ya meza hii hii, nami nayauza, na neno hilo sijapata kuambiwa. Niletee yaliyomo ndani ya cherehani, niyaone kwa macho yangu. Yakiwa yangu, nafunga duka, nakuja kwako kumshonea Bi Mwanamvua kanzu zote tisa kwa mkono. Yasipokuwa yangu, utasimama hapo hapo uliposimama, useme, kwa sauti hiyo hiyo."

Watu saba wakageuka na vikombe vyao, wakamtazama Sadallah.

"Nitaleta!" akanguruma shujaa, akashuka ngazi.

Basi mmeona jinsi dunia ilivyombana. Mbele yake kanzu tisa. Nyuma yake Fidahussein. Ubavuni mwake mke asemaye "hm". Na katikati, ndani ya matumbo ya chuma, ushahidi mweupe umeganda ukimngoja. Hana budi kuung'oa wote, autupe, asiuone mtu, kabla ya Alhamisi. Ndipo akatangaza uani kwamba ataiosha cherehani nzima kwa elimu ya kisasa.

Vita vya kwanza vikaitwa Vita vya Petroli, na vilidumu muda wa kumenya muhogo mmoja. Twajua hivyo kwa sababu Dija, mdogo wake Mwanamvua, alikuwa amekaa kwenye kibao anamenya muhogo. Shujaa aliingia uani na nusu chupa ya petroli aliyoiomba kwa mwendesha bodaboda, akavuta jiko la makaa, akatafuta sufuria.

"Shemeji," akasema Dija, "hiyo unaipeleka wapi?"

"Petroli baridi haina nguvu, ewe mwanamke. Naipasha uvuguvugu tu, kisha chuma kitaoga humo kitoke kama kimezaliwa leo."

Mwanamvua akatoka chumbani. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alisimama kati ya mume na jiko, akafunga kanga yake upya, akahutubu, nayo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizotoa mwaka ule:

"Baba Adila. Petroli haingoji uiweke motoni. Mvuke wake unashuka, unatambaa chini kama nyoka, unakwenda wenyewe mpaka kwenye kaa, na ukirudi haurudi peke yake. Nina kanzu tisa ndani. Nina dada. Nina kuku anayeatamia. Na nina wewe, ndivyo Mungu alivyopenda. Toa chupa hiyo uani kwangu, mrudishie mwenyewe, na mikono unawe kwa sabuni kabla hujaligusa jiko langu."

Jeshi likarudi nyuma kwa mpango.

Alasiri vikaja Vita vya Umeme. Shujaa alijaza maji ndoo ya bati, akatumbukiza humo ile hita ya kuchovya ya kuchemshia maji ya kuoga, waya wake umefungwa utepe mahali pawili, akachomeka ukutani, akakunja mkono wa kanzu ili achovye kidole aone kama maji yamepata. Kidole kilikuwa shibiri moja juu ya maji pale mlio wa swichi uliposikika. Mwanamvua alikuwa ukutani, plagi mkononi.

"Bati, maji na umeme," akasema. "Alhamisi unataka tusome Maulidi au tusome hitima?"

"Nilikuwa nimevaa ndala," akasema Sadallah, kwa hadhi.

"Wangekuzika nazo," akasema Dija.

Siku ya Jumanne asubuhi ikakaa baraza ya vita juu ya mkeka. Baridi ilikuwa imeshika, na Dija alikuwa anataka kupaka nywele mafuta, ameshika chupa yake ya mafuta ya nazi, ameipindua, anaipiga kitako kama mtoto aliyepaliwa, na mafuta hayatoki, meupe ndani kama nta. Mwanamvua akaichukua chupa, akaitia katika bakuli la maji ya moto. Wakangoja. Punde yale meupe yakalegea, yakawa maji.

"Mimi sijapata kuiweka chupa ya nazi motoni," akasema Mwanamvua, na alikuwa akimtazama mumewe, si chupa. "Moto huunguza. Maji hubembeleza. Kitu kilichogandiana, Baba Adila, unakitia katika maji ya moto, taratibu, nacho chenyewe kinaachia."

Jasho likamtoka shujaa asubuhi ya kipupwe. Je, anajua? Hajui? Uso wa mkewe ulikuwa mtulivu kama mtungi. Lakini Sadallah hakuwa mtu wa kushindwa na uso. Aliruka juu akapiga paja. "Nimepata!" akapaza sauti. "Wazo limenijia, sijui limetoka wapi! Nitajenga hamamu! Hamamu ya chuma, bafu la kuogeshea vyuma! Chombo ndani ya chombo, maji ndani ya maji!"

"Limetoka wapi kweli," akasema Dija, akijipaka mafuta.

Sasa, ee ulimi, usichoke, tufike kwenye ujenzi. Kwanza alikamata sufuria kubwa la pilau, lile la shughuli. Mwanamvua alilishika sikio la pili. Wakavutana kidogo, kwa heshima. "Chombo kilichooga chuma hakirudi kwenye chakula," akasema, na badala yake akamtolea karai kuukuu la kuchanganyia saruji, akalisugua kwa mchanga, na sufuria dogo lililokatika mkono, na chujio la waya lililotoboka kidogo, na mwiko mrefu ulioliwa ncha. Kila kimoja akakifunga uzi mwekundu, ili hata baada ya miaka kumi mtu asije akapikia ndani yake uji.

Jiko likawekwa katikati ya ua, mchangani, mbali na ukuta na mbali na kamba ya nguo, miguu yake ikachimbiwa lisiyumbe. Kuku akafunikwa tenga. Makaa machache tu. Juu yake karai, ndani ya karai maji, ndani ya maji mawe matatu, juu ya mawe sufuria dogo lenye maji yake na sabuni ya unga, ili vyuma visikalie moto na maji yasirukeruke. Shujaa aliyapanga mawe yale matatu kwa robo saa, akirudi nyuma hatua tatu na kufumba jicho moja, kama mtu ajengaye mnara.

Kisha cherehani ikafunguliwa. Na hapa pana jambo lililoitikisa dunia ya ufundi: Mwanamvua alitandika kanga nyeupe, akaamuru kila parafujo inayotoka ilazwe kwa zamu yake, na Dija aipige picha kwa simu.

"Hamniamini?" akauliza Mzidisha Parafujo.

"Tunakuamini, shemeji. Tunaliogopa lile kopo la maziwa."

Vikatoka: bamba la chini ya sindano, mguu wa kubania kitambaa, bobini ya uzi wa chini na nyumba yake, na shato, ule moyo wa chuma unaozunguka na uzi. Vyote vimevaa utando mweupe unaonata, umechanganyika na nyuzi na vumbi. Sadallah alivitumbukiza kwenye chujio upesi upesi, akiziba macho ya watu kwa mgongo wake. Gurudumu na mwili haviogi. Hivyo alisema atavifuta mwenyewe kwa kitambaa kilichokamuliwa maji ya moto, msaada hahitaji, asanteni.

Maji yakapata. Mwanamvua akasimama upande upepo utokako, akaangalia kando ya karai, na vipovu vidogo kama macho ya dagaa vilipoanza kushika, akasema, "Basi. Yasichemke. Toa makaa mawili." Shujaa akayatoa kwa koleo. Tangu hapo hakuondoka, hakukaa, alilizunguka jiko kwa mwiko mkononi kama sultani alindaye hazina, akitikisa chujio polepole, na ushairi ukampanda:

"Ewe chuma ulogoma,
leo utatoka homa,
nitakuosha kwa ngoma,
ushone ukinijua!"

"Homa nani alikipa?" akauliza Dija.

Lakini adui alikuwa na silaha ambayo shujaa hakuihesabu. Kadiri vyuma vilivyooga, ndivyo harufu ilivyopanda: tamu, nzito, ya jikoni. Ikaujaza ua, ikaruka ukuta, na jirani wa pili akauliza kwa sauti kama leo ni samaki wa kupaka.

"Mbona kama mnapika?" akasema Dija, pua juu. "Dada, hii si nazi?"

"Ni harufu ya chuma," akasema Sadallah. "Chuma kikipata maji ya moto kwa mara ya kwanza hunuka hivyo. Ni elimu."

"Kina manukato," akasema Mwanamvua. "Ya kiwandani."

Akasema hivyo tu, akaingia ndani kutafuta kitambaa kikavu.

Kwa ufupi wa maneno, vyuma vilitoka. Vilikuwa vinang'aa, enyi watu! Vikafutwa kimoja kimoja, vikaanikwa juani juu ya kanga, vikageuzwa mpaka maji yakakimbia kila tundu, kwa maana maji yakibaki, kutu huja kumalizia kazi ya mume. Picha za simu zikafuatwa nyuma kwenda mbele, cherehani ikafungwa tena. Na jioni ile, kwa mara ya kwanza katika tarehe ya Dunda, ikabaki parafujo sifuri. Sadallah alitafuta chini ya mkeka, asiamini.

Yakabaki maji. Ndani ya sufuria dogo, juu ya povu, machozi ya dhahabu yalikuwa yanaelea, makubwa kama vifungo. Shujaa aliyaona. Akalishika sufuria kwa vitambaa viwili, akaanza kuelekea kwenye mfereji wa nyuma kwa hatua za mtu asiyekwenda popote.

"Baba Adila."

Akasimama.

"Maji ya moto hayo. Na Magharibi inaingia."

Mnajua wenyewe. Maji ya moto hayamwagwi ardhini hivi hivi, na saa hiyo hasa: pana wasioonekana, wana watoto wao, ukiwaunguza hawataki samahani. Mama yake Sadallah alimfundisha hilo kabla hajajua kuhesabu, na shujaa, aliyeidharau petroli na umeme, alitetemeka.

"Nitapiga bismillahi," akasema.

"Yaache yapoe yenyewe. Utamwaga asubuhi." Akachukua sufuria mkononi mwake, akalifunika kwa kifuniko chenye uzi mwekundu, akaliweka kivulini, mahali upepo wa kusi unapopita.

Shujaa alilala amepanga: ataamka Alfajiri, atamwaga, hapatakuwa na habari. Na kweli aliamka. Lakini adhana ilikuwa inasomwa, na mtu hawezi kumwaga ushahidi kabla ya kuswali. Akaenda msikitini, akaswali, akajibu salamu nne, akarudi mbio. Adui, yaani mkewe, alikuwa amepata ushindi kwa hila nyepesi: yeye aliswali chumbani.

Mkeka ulikuwa umetandikwa. Chai ipo, mihogo ipo, na katikati pana kisahani kimefunikwa kawa. Mwanamvua amekaa upande mmoja, mikono magotini, hana haraka na mtu.

"Karibu chai, mume wangu."

Sadallah akafunua kawa. Ndani, juu ya kisahani cha maua, limelala duara jeupe, zito, mviringo kamili kama mdomo wa sufuria dogo ulivyo, na ndani yake vimekwama nyuzi za rangi tatu na vumbi la chuma. Likanukia asubuhi nzima.

"Nini hii?" akauliza, kwa sauti ambayo mbuzi wa Nunge wasingeitambua.

"Mafuta ya Fidahussein. Yalikuwa yanaelea, yakaganda usiku."

Kuku akatoka kwenye tenga, akapita, akatazama kisahani, akaenda zake.

"Umejua lini?"

"Jumatatu. Nililigusa gurudumu asubuhi, nikaligusa mchana. Chuma hakisikii baridi, Baba Adila. Anayesikia baridi ni nazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema Mwanamvua, akammiminia chai. "Na la Fidahussein nimelisikia jana jioni kwa Dija. Huyo naye anangoja. Cherehani safi, lakini chuma kikavu hakishoni, kitalika. Kinataka mafuta yake. Na mafuta ya cherehani mtaa huu yanauzwa na nani?"

Enyi wasikilizaji, tumeona watu wakienda vitani kwa ngoma na kwa bendera. Sadallah bin Pazi alikwenda kwa kisahani. Hatua mia na kidogo, asubuhi ya Jumatano, kanzu imekunjana, kisahani mbele ya kifua chake kama taji la mfalme aliyeuzulu. Watu wakamsalimu, akaitikia bila kugeuza shingo. Akapanda ngazi mbili. Watu saba walikuwapo, Mungu hawapunguzi.

"Enyi waungwana," akaanza, "katika maisha ya mwanadamu, na hasa fundi, zipo nyakati ambazo elimu na majaribu..."

"Bwana Sadallah," akasema Fidahussein, mkasi mkononi. "Hapo hapo. Sauti ile ile."

Shujaa akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu kuliko zote alizovuta tangu astaafu. Kisha akapaza sauti, na iliyotoka ilikuwa kweli ile ya Nunge, hata njiwa wakaruka darini:

"Mafuta hayakuwa ya Fidahussein! Yalikuwa ya nazi! Niliyatia mimi! Yeye hana kosa, mimi ndiye niliyemzulia, naye aniwie radhi!"

Fidahussein akashuka, akakichukua kisahani, akanusa, akalibonyeza lile duara kwa kidole kimoja.

"Nazi, Sadallah?"

"Nazi."

"Kwenye cherehani." Ndevu zikaanza kumtetemeka. "Ungetia na bizari basi, na ndimu kidogo!" Na hapo akashindwa, akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka kofia ikaenda upande, na wale saba wakacheka, na mwisho Sadallah naye akacheka, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Fidahussein akajifuta macho kwa utepe wa kupimia. Akaingia dukani, akatoka na chupa ndogo yenye mdomo mwembamba, akaitia mkononi mwa shujaa, akavifunga vidole vya shujaa juu yake.

"Nimekuwia radhi. Mpe Bi Mwanamvua salamu zangu. Na njia ya kurudi, ndugu yangu, ina bao."

Ilikuwa na bao. Na barazani alikuwapo mtu, yule yule, na alikuwa anacheza vibaya kuliko siku ile ya Ramadhani, kete zinaliwa kama karanga. "Ah, Mzee Sadallah!" akaita mmoja. "Njoo umsaidie huyu, anadhulumiwa!" Hapo, enyi watu, ndipo penye vita vyenyewe, petroli na umeme vilikuwa mchezo. Mguu wa kulia ukasita. Jicho likaona kete nne katika shimo la pembeni, zinalia. Mkono ukaikaza chupa.

Akapita.

Saa tatu asubuhi, matone yakaingia, gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja, na ile sauti ambayo mtaa uliipoteza ikarudi, kwanza polepole, kisha mbio, kanzu ya kwanza, ya pili, Dija akitia vifungo, Sadallah akikaa kwenye kiti cha plastiki akiwaeleza wapita njia kuhusu kanuni za hamamu yake. Alhamisi, kabla ya Magharibi, ya tisa ikakatwa uzi. Karai likatundikwa msumarini, na uzi wake mwekundu, na lipo mpaka leo, wageni huonyeshwa.

Wenye kuandika tarehe za mji huu wameandika masultani, misafara na majumba ya mawe, nao hawakukosea, ila waliacha moja. Basi na liandikwe hapa, lisipotee: kwamba mwaka huu wetu, wakati wa kipupwe, katika mtaa wa Dunda, Sadallah bin Pazi alitumwa mafuta ya cherehani, akarudi nayo.